Ushanga Unaopwaya Kidogo

Wapendwa, nimesimama. Kwangu mimi hilo peke yake ni kazi, kwa hiyo mkinipa amina moja kabla sijaendelea mtakuwa mmenisaidia. Asanteni. Naona wa nyuma wameitikia kwa nguvu kuliko wa mbele, na wa mbele ndio walionisukuma nisimame.

Wengi hapa Karatu mnanijua kama yule msichana wa duka la vinyago, njia ya kwenda geti la hifadhi. Wachache mnajua kwamba mimi ni mtoto wa Nainokanoka, juu kule kwenye ukungu, na kwamba nilikwenda chuo kikuu kusoma historia ya sanaa. Mama mmoja wa kikundi hiki chetu cha waliofiwa aliposikia hivyo mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hiyo inatibu nini?" Mnacheka, lakini nawaeleza. Ni kusoma vitu ambavyo watu wamevitengeneza kwa mikono yao: picha, vinyago, nguo, vyungu. Unajifunza kukaa mbele ya kitu mpaka kikuambie aliyekitengeneza alikuwa nani, na alikuwa katika hali gani. Hapa kwetu mtoto akifaulu tu anasukumwa akasome utalii, apande gari la wageni. Mimi nikachagua hayo mengine. Kaka yangu akasema, "Shule yote hiyo, ili uende kuangalia picha?"

Aliyenitetea ni mama yangu, na mama yangu alikuwa haoni.

Nitamwita Yeyo, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kimaa. Alipata ugonjwa ule wa vikope ambao sisi wafugaji tunaujua sana. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho kila unapopepesa. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumng'oa kope kwa kibanio, moja moja, kichwa chake kikiwa mapajani pangu. Tulipomfikisha hospitali tulikuwa tumeshachelewa. Nilipoingia sekondari alikuwa anajua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa.

Lakini shanga hakuacha. Alikuwa na makopo yake, kila rangi na kopo lake, shanga zikipishana ukubwa kidogo tu, na mimi ndiye niliyekuwa nachambua: hili la nyeupe, hili la buluu, hili la nyekundu. Akishajua kopo lipi liko upande gani, vidole vyake havikosei. Nilipokwenda chuo, kazi ya kuchambua ikachukuliwa na mama jirani ambaye boma lake lilipakana na letu. Kaka hakujihusisha. Kwetu mwanaume shanga anazivaa, hazishoni. Na siku kaka aliponisema kuhusu kuangalia picha, Yeyo alimjibu kwa ukali, nami nawatafsiria: "Macho ya boma hili yamebaki kwake. Mwache ayatumie."

Chuoni tulikuwa na mwalimu mwenye sheria moja. Ukisimama mbele ya kitu, sema kwanza unachokiona. Maana itafuata yenyewe. Wenzangu waliiona sheria ya kitoto. Mimi nilikuwa nimeifanyia mazoezi maisha yangu yote. Kila likizo nilirudi nyumbani na picha nilizochapisha kwenye karatasi, nikikaa na Yeyo karibu na moto namweleza. Nakumbuka picha moja ya mwanamke aliyekaa dirishani, amevaa nguo ya kijani, mikono ameiweka magotini. Nikamweleza mwanga, nikamweleza mikunjo ya nguo, najisikia msomi kabisa. Yeyo akauliza, "Na mtoto wake ameshikwa na nani, wakati yeye amekaa hapo anachorwa?"

"Yeyo, nani kakuambia ana mtoto?"

"Si umesema mikono ameiweka magotini? Mikono ya hivyo imezoea kubeba."

Tulicheka mpaka kaka akaja kuuliza kuna nini. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuwa na darasa tamu kama lile la karibu na moto, na sitalipata tena.

Likizo yangu ya mwisho naye iliisha asubuhi moja ya ukungu mzito. Lilikuwepo lori linaloshuka Karatu, na kule magari ni ya kubahatisha, likikuacha limekuacha. Nikaenda kumuaga. Akanishika shingo kwa mikono yake miwili, akawa anazungusha vidole taratibu, mbele na nyuma. Nilidhani ananibembeleza. Dereva akapiga honi. Nikamwambia, "Yeyo, gari linaondoka." Akasema, "Subiri, sijamaliza." Honi ikapigwa tena. Nikaitoa mikono yake, nikaibusu, nikakimbia.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuguswa na mama yangu.

Mwaka ule watu wengi kwetu walikuwa wanahama, na mama jirani na familia yake nao wakahamia mkoa mwingine. Mimi sikuambiwa. Kaka alikuwa anapanda na simu kilimani penye mtandao, Yeyo anamtuma salamu, na salamu zilikuwa zilezile: tupo, ng'ombe wapo, baridi ipo. Kaka anatoka na mifugo alfajiri, anarudi jioni. Nilikuwa sijui kwamba mama yangu anashinda peke yake kutwa nzima kwenye giza lake.

Baridi ilipozidi ikamshika kifua. Kaka alinipigia akiwa analia, na kaka yangu si mtu wa kulia. Nilisafiri nikafika hapa Karatu, hakuna gari la kupanda juu mpaka kesho yake. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika. Nilikuta udongo mbichi na watu wanakunywa chai.

Kaka akanipa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha shuka. "Alisema ni wako. Wa siku ya kumaliza shule."

Ni huu hapa. Nitaupitisha baadaye, msiwe na haraka.

Ni ushanga wa shingoni, ule mpana wa duara, wenye mizunguko mingi inayofuatana kutoka ndani kwenda nje. Na mimi, badala ya kulia kama watu, nikafanya nilichofundishwa. Nikasema kwanza ninachokiona. Mizunguko ya ndani, ile iliyo karibu na shingo, ilikuwa imepangwa vizuri: nyeupe, buluu, nyekundu, kila moja mahali pake. Halafu ghafla, katikati, utaratibu unakatika. Nyekundu ndani ya nyeupe, kijani imeingia isipotakiwa, machungwa popote. Mpaka ukingoni ni hivyo hivyo, hakuna rangi inayoijua nyingine. Wala sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Palipokatika ndipo mama jirani alipohama. Ushanga ulikuwa unaniambia kwamba hapa ndipo mama yako alipobaki peke yake, na hakuwa na wa kumwambia hili ni kopo la nini.

Nilimuuliza kaka. Akaniambia kwamba jioni moja alirudi akamkuta Yeyo yuko sakafuni anapapasa. Ndama alikuwa ameingia akamwaga makopo yote. Kaka akapiga magoti, akaziokota zote pamoja naye, akazitia kwenye kopo moja kubwa. "Nilidhani nimemsaidia," akasema. Yeyo alimshukuru, hakumwambia kwamba rangi zimechanganyika.

Wapendwa, mimi hapo ndipo nilipovunjika. Watu huwa wanafikiri msiba unakuvunja makaburini. Mimi ulinivunja nilipokuwa nimeshika shanga.

Nilirudi chuoni, nikashindwa. Picha ikiwekwa ukutani naona sakafu ya kwetu na mtu anapapasa. Nilikuwa nimejifunza kusoma vitu, na kitu cha kwanza nilichokisoma sawasawa kilikuwa upweke wa mama yangu. Nikaacha masomo bila kuaga. Nikaja hapa Karatu, nikapata kazi duka la vinyago, na shanga za kuuza zilikuwa zimejaa ukuta mzima. Mgeni akiuliza bei namjibu nikiangalia mlango. Nikaanza kunywa. Mwanzoni jioni, baadaye hata kabla ya kufungua duka. Bosi wangu alivumilia, akachoka, akaniondoa, na simlaumu. Nilikuwa nanuka, tena mkali kama mbwa wa boma.

Kuna mama mmoja, yuko humu ndani leo, sitamtaja, anajijua na kitenge chake cha njano. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba yake. Asubuhi moja aligonga mlango akiwa na bakuli la uji, akasema, "Kunywa hiki, halafu Jumamosi unakwenda na mimi mahali." Nikamjibu vibaya. Akasema, "Sawa, umenitukana. Sasa kunywa uji." Ndivyo nilivyofika kwenye kikundi hiki cha waliofiwa.

Mnakumbuka utaratibu wetu, na wageni wa leo nawaeleza: kila mtu siku moja analeta kitu cha marehemu wake, anakishika, anazungumza. Wengine walileta kofia, mwiko, redio. Mimi nilikuwa nakuja mikono mitupu, nakaa nyuma. Siku nilipouleta ushanga nilisimama hapa nilipo, nikaufunua, nikashindwa kusema hata neno moja. Mwenyekiti akaona hali, akasema, "Tufumbe macho tuombe."

Mwenyekiti wetu mnamjua. Akiomba anaanza na Adamu. Aliombea viongozi wa nchi, akaombea mvua, akaombea mahindi ya Karatu na vitunguu vya Mang'ola, na mimi nimesimama nimefumba macho, nimeushika ushanga, vidole havina kazi. Vikaanza kutembea vyenyewe. Vikapita mizunguko ya ndani, laini, shanga za ukubwa mmoja. Vikafika pale palipokatika.

Hapakuwa pamekatika.

Ndogo, ndogo, kubwa. Ndogo, ndogo, kubwa. Nikadhani najidanganya, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Ndogo, ndogo, kubwa, mzunguko mzima. Mzunguko unaofuata ukageuka: kubwa, kubwa, ndogo. Mpaka ukingoni sikukuta kosa hata moja. Rangi zilikuwa zimempotea kwenye lile kopo moja, kwa hiyo akaachana na rangi. Akapanga kwa ukubwa, kitu ambacho vidole vyake vinakijua. Miezi yote nilikuwa nauangalia ushanga huu kwa macho, na mama yangu hakuushona kwa macho.

Mwenyekiti alipofika kwenye amina mimi nilikuwa sakafuni nalia kwa sauti, mkadhani ni maombi yake. Mwacheni aamini hivyo, yalichangia.

Sikuponywa siku ile, nisiwadanganye. Alikuwa peke yake, na hilo halibadiliki. Nikiliwaza sasa hivi linaniuma kama siku ya kwanza. Lakini alikuwa peke yake akifanya kazi, akijua anachokifanya, akinifikiria mimi. Hilo nilikuwa sijaliona. Pombe niliiacha kwa shida, nikairudia, nikaiacha tena, mama wa kitenge cha njano analeta uji tu. Nikampigia mwalimu wangu. Nilitegemea maneno makali. Akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamweleza ushanga wote. Akasema, "Rudi uiandike hiyo." Nikarudi, nikaiandika, nikamaliza.

Kaka alikuja kwenye mahafali, amevaa shuka yake bora, amekaa kama mzee wa baraza. Nje ya ukumbi nikamwambia afumbe macho, nikamwekea ushanga mkononi. Kwetu mwanaume hajihusishi na kazi ya shanga, lakini aliupapasa wote, taratibu, mpaka ukingoni. Alipofungua macho akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo lile kopo... sikumharibia?" Nikamwambia hukumharibia, kaka. Akageuka akaangalia ukuta kwa muda mrefu. Kumbe naye alikuwa amebeba lake.

Nawashukuru. Mwenyekiti na maombi yake marefu. Mama wa kitenge, na uji. Mwalimu wangu, hayupo hapa. Mama jirani, aliyechambua rangi mpaka siku aliyohama. Kama kuna anayemfahamu huko aliko, amwambie mizunguko ya ndani ni mizuri mno. Na wewe uliyekuja leo mara ya kwanza umekaa karibu na mlango ili utoke upesi: kitu cha mtu wako, hata kikikuuma namna gani, usikitupe na usiseme umeshakielewa. Kishike tena, ukishike kwa namna nyingine.

Nimebakiza jambo moja, halafu nikae.

Siku ile ya mahafali kaka ndiye aliyenifunga ushanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuvaa. Ulinikaa vizuri nyuma, ukanikaa vizuri upande wa kulia. Huku kushoto unapwaya kidogo, kidole kimoja kinaingia. Nikawa najiuliza, mtu asiyekosea chembe moja ya shanga, shingo yangu ameikosea vipi? Na hapo hapo nikaisikia honi ya lile lori.

Hakuwa ananibembeleza. Alikuwa ananipima, na alisema hajamaliza.

Mafundi wawili wa humu ndani wameniambia lete tuukaze, ni kazi ndogo. Nawashukuru, lakini uacheni ulivyo. Mimi kila nikiuvaa naingiza kidole hapa kushoto, nasimama kidogo, hata kama kuna gari linaningoja.

Haya, shika, upitishe. Fumbeni macho kwanza.