Mama Chapuchapu, Muuguzi Msaidizi wa Wodi ya Wanaume

Ndugu waombolezaji, majirani na wenzake wa kazini, familia imenikabidhi mimi shemeji yake niwasomee maisha ya mpendwa wetu, ingawa angekuwepo mwenyewe angeshanipokonya karatasi hii aisome upesi tukamalize shughuli, kwani jina la Mama Chapuchapu hakulipata bure.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1966 na kuhitimu mwaka 1972, na kwa kuwa mama yao alikuwa mtu wa kuuguaugua, yeye ndiye aliyewaogesha, kuwavalisha na kuwalisha wadogo zake, kwa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akifua na kupiga pasi mashuka, tarehe 8 Septemba 1979 akafunga ndoa na kaka yangu, seremala, wakajaliwa mabinti watatu na mtoto wa kiume, kitinda mimba, ambaye alifika umri wa kwenda shule hajawahi kufunga kifungo cha shati lake, maana mama yake hakuwa na subira ya kumngoja.

Januari 1997 alijiunga na mafunzo ya uuguzi msaidizi, akiketi dawati moja na wasichana rika la binti yake mkubwa, akajifunza kupima joto, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kubadili shuka mgonjwa akiwa kitandani, na katika hayo yote alikuwa hashikiki. Kwenye mtihani wa vitendo wa Novemba alipewa mzee aliyepooza upande mmoja, akamwogesha, akamvalisha, akamlisha uji mpaka bakuli likawa jeupe, kisha akasimama kando akingoja pongezi, na metroni akamfelisha.

"Mkono wake wa kulia ni mzima, na leo umeukalisha bure," metroni alimwambia mbele ya wenzake. "Ukimfanyia kila kitu, atarudi kwao hajiwezi kuliko alivyokuja."

Alirudi nyumbani akalia, nasema alilia kwa sababu nilikuwepo, akaapa kurudi kwenye mashuka yake, na kaka yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akamwambia tu kwamba fundi asiyemwachia mwanafunzi randa atakufa na ufundi wake, akaendelea kula.

Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu, Mei 1998, akishindwa ndiyo basi, hivyo akaanza kujizoeza kwa kitinda mimba wake, kila asubuhi akiikalia mikono yake mwenyewe huku mtoto akihangaika na vifungo, cha juu kikiingia tundu la chini, hata mwalimu akaita mzazi kuuliza sababu ya kuchelewa, naye akajibu bila haya kwamba aliye masomoni pale ni mama, si mtoto. Mei ilipofika alimpa mgonjwa kijiko, uji ukamwagika juu ya shuka, yeye ametulia tuli, akafaulu, akahudumu wodi ya wanaume kuanzia Julai mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2018, akiwafunza wasaidizi wengi walioketi hapa leo.

Alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2022, akalazwa mara ya mwisho tarehe 3 Juni 2023, na kitinda mimba wake, sasa baba wa watoto, hakumpa mtu mwingine kijiko. Muuguzi mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimkumbusha marehemu kwamba mkono wake bado una nguvu na utaratibu anaujua, naye akangoja mwanawe atoke, akamjibu maneno ambayo kijana wetu anayasikia leo kwa mara ya kwanza:

"Mkono wangu mzima, najua. Mwache anilishe, yeye ndiye anayeumwa zaidi."

Alifariki tarehe 11 Juni, mchana, wanawe wote wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuachia milango yao wazi, wenzake wa wodini na wa chumba cha kufulia, na wote mliofika.

Shemeji, umeuguza vya kutosha, ulale kwa amani.