Maisha ya Eufrasia Ndunguru, Mpishi wa Nyumba ya Azaiba

Mauti yamemjia, kwa wakati wa Manani,
Waliomkusudia, wamebaki gerezani.

Marehemu Eufrasia Method Ndunguru, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Belinda, alizaliwa tarehe 11 Mei 1971 katika kijiji cha Kigonsera, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Method na Mama Skolastika, na kwa kauli ya mama yake alikuwa mtoto asiyelia ovyo, ila akianza kulia hanyamazi mpaka jambo lake lishughulikiwe.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kigonsera kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha akajifunza mapishi kwa masista kwa miaka miwili, akapata kazi yake ya kwanza katika hosteli moja ya Songea mwaka 1989. Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa takatifu na Kassian Komba, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Belinda mwaka 1993 na Obedi mwaka 1997. Kassian alifariki kwa ajali ya barabarani tarehe 3 Agosti 2006, na mjane huyu, akiwa na ada za shule za watoto wawili mbele yake, aliingia Maskati, Omani, tarehe 22 Januari 2009.

Alipokelewa kama mpishi huko Bawshar, mjini humo, na Bi Nasriya bint Thani, ofisa wa serikali huko Al Khuwair, ambaye wazee wake walitokea Tabora, kwa hiyo jiko lile lilizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mwaka 2016 Bi Nasriya alihamishiwa nje ya nchi kwa miaka miwili, na marehemu akachukuliwa na kampuni moja ya Warusi, iliyosema inauza vipuri vya meli, awe mpishi wa jumba lao la mtaa wa Azaiba.

Vipuri havikuonekana. Wale walikuwa mafia, genge lililosafirisha silaha na watu kutoka bandari hadi bandari, lakini mpishi hakuambiwa hayo, aliyajua kidogo kidogo kwa njia ya jiko, maana kila mgeni alitumbukiza simu yake katika sufuria moja yenye mfuniko kabla ya kuketi mezani, na wako waliokula chakula cha mchana ambao sahani zao za jioni hazikuhitajika tena. Mkuu wao aliitwa Arkadi, mtu wa sauti ya chini, mwenye kusifia supu, na ndiye aliyeshika pasipoti za watumishi wote wanne wa nyumba ile.

Mmoja wa wanne hao alikuwa Violeth, mfua nguo kutoka Singida, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa akilala chumba kimoja na marehemu. Jumapili ya tarehe 4 Februari 2018 Violeth alifungua gereji kutafuta sabuni, akarudi jikoni midomo mikavu, akasema, "Mama Belinda, yule mgeni wa chai bila sukari amelazwa kwenye nailoni, hapumui." Marehemu hakuuliza ni nani aliyemuua, aliuliza jambo moja tu, "Umeona, au umeonwa?" Violeth akajibu, "Nimeonwa."

Alhamisi iliyofuata kitanda cha Violeth kilikuwa kitupu. Arkadi aliingia jikoni marehemu akimenya bitiruti, akamweleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba Violeth amepata msiba kwao, amesafiri na ndege ya alfajiri, kwa haraka sana, na mkoba wa mkononi tu. Marehemu akasema, "Zein, baba," yaani sawa, akaendelea kumenya.

Hapo ndipo Arkadi alipokosea, kwa kuwa alijua mengi ya bandari na polisi, lakini hakujua desturi yetu sisi tulio ugenini, kwamba hakuna Mtanzania anayetoka Maskati kurudi kwao na mkoba wa mkononi, hata akiitiwa msiba wa mzazi, kwani habari ya safari hupita simu hadi simu na kila mwenzake humletea kifurushi, huyu viatu vya mtoto, yule dawa ya presha ya mama, mpaka msafiri anaingia uwanja wa ndege akiomba kuonewa huruma kwenye mizani.

Ijumaa, tarehe 9, baada ya misa katika kanisa la mtaa wa Ghala, marehemu alizunguka uani akimuuliza kila mmoja kama Violeth amembebea chochote, na mmoja akamtania, "Labda kaukimbia mzigo wako, Mama Belinda, wewe kila safari unatuma masufuria," wote wakacheka, naye akacheka nao, lakini hakuna aliyesema amebebewa kitu. Ndipo akampigia Bi Nasriya, aliyekuwa Maskati kwa likizo, na Bi Nasriya akamwonya, "Una hakika, Eufrasia? Mambo ya watu hawa yanaua." Kabla marehemu hajajibu, mama yake Bi Nasriya, Bi Bakhita, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akaichukua simu, akasema, "Mie nna miaka thamanini, sijamwachia mtu kwenda Unguja bila ya kumtwika halua. Huyo mwanamke hakusafiri. Kamwambieni askari leo hii."

Bi Nasriya alikwenda polisi, na marehemu, kwa hiari yake, akarudi Azaiba kupika chakula cha jioni, kwa sababu mpishi asiporudi wangejua, na Violeth, kama bado yu hai, asingefika asubuhi. Alitia chumvi samaki mara mbili. Arkadi aliomba maji, akamaliza sahani.

Jumamosi saa tatu asubuhi marehemu aliwafungulia polisi mlango wa jikoni kwa mkono wake, na Violeth akakutwa katika chumba cha pampu nyuma ya jumba, amefungwa mikono, ulimi umemkauka kwa kiu, yu hai. Arkadi, akipitishwa na pingu, alimwambia marehemu kwamba mpishi kama yeye hatakufa kitandani mwake.

Marehemu alitoa ushahidi mahakamani mwaka 2019, saa tatu mfululizo, bila kubadili neno, wanaume watano, Arkadi akiwemo, wakafungwa, lakini wawili walikuwa wametoroka, na mwaka 2021 aliletewa katika simu yake picha ya nyumba ya Belinda, Songea, na chini yake hapakuandikwa kitu. Miaka miwili mizima alimpigia mwanawe asubuhi na jioni, akakagua kila komeo la nyumba ya Bi Nasriya, alikokuwa amerudi kazini, hadi tarehe 6 Novemba 2023 alipojulishwa kwamba wale wawili nao wamekamatwa na kufungwa. Siku hiyo alilala kwa muda wa saa kumi na moja, na Bi Bakhita alikataza mtu yeyote kumwamsha.

Mwaka 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Violeth akimpeleka na kumrudisha, na Jumatano tarehe 14 Januari 2026, saa kumi alasiri, alifariki Bawshar, kitandani mwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Belinda. Familia inalia, lakini, tuseme kweli, inashusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Nasriya na Bi Bakhita waliomfanya ndugu, majirani wa Bawshar, wapishi wenzake, na jumuiya yote ya Ghala. Bwana akupe usingizi usiokatizwa, Mama Belinda.

Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watatu. Watumishi wawili wa nyumba ile walirudi makwao salama mwaka 2018, na wa nne, Violeth, amesimama hapa kando ya jeneza.