Kiwiko Changu na Kiti cha Mama

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Wazee, shikamooni. Mimi hukaa benchi la mwisho, na nikisimama kuongea maneno yananikimbia, ndiyo maana nimeyaandika. Naomba mnivumilie.

Mnamfahamu mama yangu. Tangu apate kiharusi anatumia kiti cha magurudumu, na kazi ya kumsukuma hadi hapa kanisani ilikuwa yangu. Mnajua njia yetu inavyopanda kuelekea mlimani, na mvua ikinyesha inavyoteleza. Niliipenda kazi hiyo, maana watu humsalimia yeye, mimi hawanioni.

Kisha nikaanguka kutoka kwenye mparachichi. Kiwiko cha kulia kikavunjika, nikafungwa plasta. Ilipofunguliwa nilishtuka! Nyuma ya mkono hapakuwa na nyama. Ule msuli unaonyoosha mkono, ambao vijana wa jimu wanauita traisepsi, ulikuwa umenywea kama soksi tupu.

Jumapili moja nilimsukuma mama hivyo hivyo. Karibu na kona ya juu, mkono wa kulia ukakunjika wenyewe. Kiti kikanitoka, kikanipita kando, kikarudi chini kinyumenyume na mama yangu ndani! Ndugu zangu, nilikikimbilia, sikukifikia. Migomba ya jirani ndiyo iliyokizuia. Mama hakuumia, lakini nilipomfikia alikuwa amefumba macho. Tangu siku hiyo alisukumwa na mjomba. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda kwenye jimu ya vijana kule chini barabarani. Vyuma vyao ni bomba lenye kopo la zege kila upande. Nikachagua dogo, wakacheka. "Chalii, hilo bibi yangu ananyanyua akienda kukamua ng'ombe," mmoja akaniambia. Nikaona aibu, nikachukua kubwa. Kila jioni nililirusha juu kwa nguvu zote, wakanisifia, nami nikaamini napona. Hadi siku niliyolala kwenye benchi nikilishusha nyuma ya kichwa. Mkono ukakunjika kama siku ile. Bomba likapita kando ya sikio langu, nikasikia upepo wake shavuni, likapasua ubao wa benchi! Nilikaa nimeshika kichwa changu, siamini kama bado kipo.

Lakini Bwana hakuniacha. Habari zilimfikia dada Upendo wa kwaya yetu, ambaye kazi yake ni kufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Akaja nyumbani. Akanipa chupa ndogo ya maji, akasema niinyanyue juu ya kichwa, kiwiko kiwe karibu na sikio, nikunje, kisha ninyooshe. Akakishika kiwiko changu kisihame. Ndugu zangu, chupa ya maji! Mkono ulitetemeka, nikashindwa.

"Ulikuwa unanyanyua kwa mgongo na bega," akasema. "Msuli wenyewe bado umelala."

Jasho lote lile, na mkono mgonjwa haukuwa umefanya kazi! Akanifundisha kwamba kiwiko ni kama bawaba: mlango unafunguka lakini bawaba haihami. Shusha taratibu, toa pumzi unaponyoosha. Kiwiko kikianza kuyumba, uzito umezidi, punguza. Na usifanye kila siku, msuli nao unahitaji kupumzika. Nikaanza na chupa ya maji, baadaye nikaijaza mchanga, baadaye nikarudi jimu kuchukua lile dogo kabisa. Walicheka tena. Nikaendelea.

Jumapili iliyopita mjomba alikuja kama kawaida, akashika kiti. Mama akamsimamisha.

"Baba," akaniita mimi, "leo nisukume wewe."

Nikamwambia naogopa. Akasema hata yeye anaogopa, lakini kengele imeshapigwa, twende. Tulipofika kwenye kona ile nikatoa pumzi, mikono ikanyooka, ikakaa! Sikuamini mpaka nilipoona mlango wa kanisa.

Namshukuru Mungu aliyeokoa uhai wa mama na wangu. Ndugu yangu unayeona umeishiwa nguvu, mpe Bwana hicho kidogo ulichobakiwa nacho, wala usikionee aibu. Mimi nilidhani nitaaminiwa nikishapona. Mama yangu aliniamini mkono ukiwa bado mwembamba. Yuko pale mbele, mwulizeni kama njia nzima aligeuka hata mara moja kutazama nyuma.