Shakir Yakubu na Mtaa Ambao Haukuwa Wetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Jumba la Picha la Mlimani hapa Nyeri, Bwana Shakir Yakubu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ana miaka sitini. Sisi tuliomtangulia kuzaliwa tunamwita kijana, na kijana atabaki, hata mkimkatia keki na kumvalisha koti la wazee.

Shakir alizaliwa Majengo, akaajiriwa kwetu kupiga deki. Kamera aliipata kwa sababu mpiga picha wetu wa kwanza alihama na hakuna mwingine aliyejua kutia filamu bila kuiunguza kwa mwanga. Kazi yenyewe ukiielezea, utadhani ni ya mvivu. Unachukua picha ya zamani ya mtaa, unaenda mpaka mtaa huo, unatafuta mahali hasa aliposimama mpiga picha wa zamani, unasimama hapo hapo na kupiga yako. Zinatundikwa mbili mbili: Zamani kushoto, Sasa kulia. Shida ni kwamba yule bwana wa zamani alisimama nyasini, na nyasi zenyewe siku hizi ni maduka.

Ndiyo sababu picha ya Sasa ya barabara ya kuteremkia sokoni inaonekana katikati ya mbavu za mbuzi. Ilipigwa ndani ya bucha. Nyingine ilimtaka akae kwa kinyozi, na kinyozi akasema kiti chake hakikaliwi bure. Shakir alikuwa amenyolewa juzi yake tu. Akakaa, akanyolewa tena, akapiga picha kupitia dirishani, akarudi kazini kichwa kinang'aa kama sufuria ya harusi. Mkewe, Bi Rehana, alituuliza kama mumewe amefungwa jela bila yeye kuambiwa.

Alizunguka huku kwetu kote. Kenol ya zamani ni ng'ombe wanavuka barabara mbele ya pampu moja ya petroli. Kenol ya sasa ni maghorofa, na ng'ombe angehitaji lifti. Endarasha ya zamani ni vumbi tupu. Leo akina mama wanauza viazi na kabichi chini ya paa. Mtu akija kulia ati zamani kulikuwa kuzuri, Shakir humpeleka mbele ya ile picha ya foleni ya madebe ya maji pale Majengo, kisha humwonyesha mfereji wa kufungua kwa mkono ulioko sasa. Miti tuliyoikata pia iko ukutani. Hakuficha kitu.

Lakini wasifu usio na aibu ndani yake ni tangazo la kuuza ng'ombe. Aibu ya Shakir ni hii.

Picha isiyo na jina nyuma yake, Shakir huwapelekea wazee waitambue. Sasa, mzee wa Nyeri ukimwonyesha picha ya zamani na kumwuliza kama anapajua, hawezi kusema hapajui. Afadhali apoteze fimbo. Miaka kadhaa iliyopita ilikuja picha ya maduka yenye baraza na nguzo za mbao. Wazee wakaketi, wakabishana kidogo kwa ajili ya heshima, wakakubaliana: huu ni mtaa wa nyuma ya soko. Mzee Kinyua, mshona viatu wa hapa mbele, aliapa kwamba babake alinunua baiskeli yake ya kwanza katika mlango wa tatu. Shakir akaamini. Akapiga Sasa yake nyuma ya soko, akatundika zote mbili. Walimu wakawa wanaleta watoto kuandika insha juu ya maendeleo ya mtaa huo.

Aprili mwaka huu mama mmoja anayeitwa Warigia, aliyekuja mjini kumwona mgonjwa, aliingia kwetu kukimbia mvua. Akasimama mbele ya ile picha. Akaanza kucheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

"Ngai! Hii ni duka ya babu yangu, iko Kianyaga mpaka leo! Nani aliwapea mtaa wetu?"

Habari hiyo haikuja wakati mzuri. Kamati ya jumba ilikuwa tayari inanong'ona kwamba Shakir akistaafu, jumba lifungwe na nafasi akodishiwe muuza magodoro. Shakir hakuogopa kustaafu. Aliogopa mlango kufungwa nyuma yake na mitaa yote ile kutiwa kwenye maboksi. Na sasa mwenyekiti wetu, Bi Wamucii, alikuwa amepata sababu. Alisema wazi mkutanoni: kama hatuwezi kutofautisha Nyeri na Kianyaga, watu wanaingia humu kujifunza nini?

Tulimshauri Shakir aishushe picha kimya kimya. Alikataa. Alipanda gari na Warigia mpaka Kianyaga, akasimama mbele ya zile nguzo, ambazo kumbe ziko vile vile, akapiga picha. Wenyeji walimpa chai na kumwuliza alikuwa amechelewa wapi. Aliporudi, aliiacha picha ya uongo palepale, akatundika ya kweli kando yake, na chini akaandika kwa kalamu nene: "Hii ni Kianyaga. Nilikosea mimi, Shakir. Ukiona kosa lingine humu ndani, sema."

Jameni! Watu wa huku mlimani kusifu kunawalemea, lakini waambie kuna kosa mahali, wataacha hata kukama. Walikuja kwa makundi. Mmoja aligundua kwamba Karatina tumeitundika kinyume, kushoto kumekuwa kulia. Wengine walileta picha zao kutufundisha adabu: zilizotoka ndani ya Biblia, zilizotoka chini ya godoro, za harusi ambazo nyuma ya bibi harusi kuna mtaa mzima uliosahauliwa. Mzee Kinyua naye alikuja kujitetea. Alitazama ile Kianyaga kwa muda mrefu, halafu akatangaza: "Basi baba alienda kununua huko." Akarudi kwa viatu vyake.

Kamati ilipokutana Oktoba, Bi Wamucii alilazimika kupitia mlango wa nyuma, maana wa mbele ulikuwa umejaa watu. Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko chai. Jumba halifungwi, muuza magodoro atafute kwingine, na Sophie, aliyekuwa akituuzia tikiti, anachukua kamera. Shakir alisema "Alhamdulillahi," akaenda kwenye mfereji kuosha miwani yake. Aliiosha sana miwani hiyo. Tulimwacha.

Asante, Shakir, kwa kututundika ukutani vile tulivyokuwa na vile tulivyo, na vipara vyetu vyote. Bi Rehana, tunakurudishia mumeo akiwa na nywele kidogo na miguu bado mizuri. Mtume sokoni, anazijua njia. Mungu akujalie afya, kijana, na wajukuu wa kukupigia kelele. Jumatatu tunafungua kama kawaida.

Wewe lala.

Hezekiah Wamae, mlinzi wa lango