Tuhesabiwe Mmoja Mmoja: Risala ya Wawindaji na Wavuvi wa Kijito cha Holloway

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Akilah Prentiss, mjumbe wa bodi inayosimamia ardhi ya umma ya Kijito cha Holloway; jirani yetu mzee Wendell; ndugu wanachama, wake kwa waume:

Itifaki tunaomba iishie hapo. Kwetu huo ni uamuzi mzito, maana sisi ni watu wa itifaki, na mwezi uliopita itifaki ilituponza.

UKARIBISHO

Karibu Springfield, karibu ukumbini, karibu na mezani. Harufu inayokufikia ni ya nyama ya kulungu, na sufuria ya pili ni kambale wa nazi. Ulijifunza Kiswahili chuoni, ukakitunza miaka yote hii, na ulipoambiwa kwamba tungekusomea kwa lugha yetu ulijibu, "Someni tu, nitawafuata polepole." Jibu lako lilitutia moyo, Mheshimiwa, wakati moyo wenyewe tulikuwa tumebakiwa nao kidogo.

Risala hii imeandikwa na katibu wetu, Mumbi, na inasomwa na mwenyekiti wetu, Elisante. Ndani yake Elisante anatajwa mara nyingi. Aliomba tumpunguze, tukakataa. Kwa hiyo ukimwona anasita na kufuta jasho, ujue amefika penye jina lake. Mwenyekiti, endelea kusoma.

HISTORIA YETU

Chama hiki kilizaliwa kwenye maegesho ya changarawe pale Holloway. Elisante alikwenda na ndoana zake, akamkuta mtu kando ya maji anamtukana kambale aliyekata uzi, tena anamtukana kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa Kuria, wa Columbia. Elisante alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa uzi mzito zaidi. Wakaja wengine wanaoishi huku Marekani: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Waislamu na Wakristo, wauguzi, madereva, mafundi, watu wa ofisini.

Siasa nusura zituue. Wapo kati yetu waliopigia kura upande huu na wapo waliopigia ule, na wapo wasio na kura kabisa ambao kelele zao ndizo kubwa kuliko za wote. Baada ya uchaguzi watu waliacha kupeana lifti. Ndipo tukaweka sheria mbili. Kofia au fulana yenye jina la mwanasiasa hubaki garini. Na anayepata kulungu humpa paja yule aliyegombana naye zaidi msimu huo. Mwaka wa kwanza Kuria alikula mapaja mengi bila kurusha hata mshale mmoja.

Mzee Wendell tulimpata kwa hofu. Shamba lake limepakana na Holloway, na barazani kwake inapepea bendera ya mwanasiasa ambaye Elisante akimwona kwenye televisheni huizima. Jioni moja Elisante alimpiga kulungu mshale, mnyama akaruka uzio na kuingia kwa Wendell. Sheria inasema usivuke bila ruhusa. Elisante aliweka upinde chini, akasimama kwenye uzio, viganja wazi, vionekane. Wendell akatoka na bunduki mkononi. Elisante anasema kilichomjia kichwani ni nani angempigia simu mkewe, na angeanzaje.

"Kulungu wako kaingia kwangu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi twende tumtafute. Giza linaingia."

Walimpata kwenye vichaka, wakambeba wote wawili. Tangu siku hiyo wamebishana kuhusu kodi, mipaka, bunduki na marais, na hawajakubaliana hata mara moja. Jambo moja tu wanaliona sawa: Holloway ibaki ya watu wote.

MAFANIKIO

Tumetoa matairi na friji moja kwenye kijito. Ada za leseni zetu na kodi ya vifaa tunavyonunua huenda kutunza wanyama na maji, nasi twalipa bila kununa. Nyama inayozidi huenda jikoni kwa wasio na chakula.

Ila fanikio kubwa haliwezi kupigwa picha. Mwanaume mweusi, mwenye lafudhi ya mbali, aliyevaa nguo za rangi ya majani na kushika upinde, akiwa Holloway hakuna anayemuuliza nani kamruhusu. Kibao getini, kinachosema hii ni ardhi ya umma, kimeshajibu. Ardhi hiyo ikiuzwa, itambidi mtu huyu aende kugonga mlango wa asiyemjua, akiwa vile vile alivyo, aombe ruhusa. Si kila mlango una Wendell. Tumewaza milango hiyo, Mheshimiwa, na tumeingiwa na woga.

CHANGAMOTO

Majira ya vuli tulikuta vigingi vya wapima ardhi vyenye utepe wa waridi msituni. Tukaambiwa kuna kampuni inayotaka kujenga majumba makubwa ya kompyuta za mtandao, yale yasiyo na madirisha, na kwamba bodi itasikiliza wananchi kwanza.

Tukajiandaa kama tulivyolelewa. Tuliandika risala moja, tukachagua msomaji mmoja, wengine tukavaa suti na vitenge tukasimama nyuma yake kwa adabu. Kwetu ndivyo kundi linavyosema. Kumbe pale kila mtu husema mwenyewe, kwa dakika mbili, na kabla ya kuanza hutaja jina lake na anwani ya nyumbani, vikarekodiwa na kuwekwa mtandaoni.

Elisante alitaja jina. Alipoulizwa anaishi wapi alisema, "Springfield."

"Mtaa, na namba ya nyumba?"

Namba anayo. Angeamshwa usingizini angeitaja. Lakini aligeuka, akamtazama mkewe aliyekaa safu ya pili. Akageukia maiki, hakujibu swali, akaanza kusoma salamu. Aliwasalimu wajumbe kwa vyeo. Akawashukuru viongozi wa dini. Kengele ililia akiwa anamshukuru mpiga picha. Hata historia hatukuifikia.

Nje tulimshambulia. "Bro, wame-ring kengele kabla hatuja-reach maombi!" alisema Kuria. Mumbi naye, "Si ungeruka tu hizo salamu, wee! Mpiga picha ametusaidia nini?" Tukacheka, kicheko cha watu wenye hasira.

Mzee Wendell akatufuata, kofia mkononi. Yeye alikuwa amezungumza peke yake, kwa ukali, dakika mbili kamili. "Rafiki zangu," alisema, "nimemuuliza karani. Wamewaandika ninyi nyote kuwa pingamizi moja."

Sisi wote, tuliojaza kuta mbili za ukumbi ule, tulikuwa mtu mmoja. Na waliotaka ardhi iuzwe walisimama kila mmoja kwa jina lake.

 Elisante alikwenda garini na mkewe, wakakaa bila kuwasha injini, wanatazama mbele. Tulipowaona vile tuliacha kucheka. Hakuna aliyemuuliza tena habari ya salamu.

Mheshimiwa, tunaogopa. Tunalisema wazi kwa sababu tumechoka kulifunika kwa maneno mazuri. Wapo kati yetu wanaoishi nyumba moja na mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa. Ukitaja namba ya mlango mbele ya kamera, umetaja mlango wa mtu huyo, nasi hatujui nani anatazama. Siku hizi gari likisimama nje bila kuzimwa, watu mezani huacha kutafuna. Katika hali hiyo ndipo tunaambiwa tuje kuitetea ardhi yetu sote, na mlangoni tuache anwani.

Wiki iliyopita Wendell alimwambia Elisante, "Taja nyumba yangu. Mimi hawanifanyi kitu."

"Asante, mzee," Elisante alijibu. "Lakini nitakuwa nimedanganya, na wakigundua watasema sote ni waongo."

Mzee alivaa kofia yake, akarudi kwake. 

MAOMBI

Kura ya bodi ni Jumanne. Ombi letu la kwanza unalijua: Holloway isiuzwe. Tunakuomba hivyo sisi tusioafikiana kwa lolote jingine, na hatujaficha hilo.

Ombi la pili ni dogo, na kwetu ndilo linalotunyima usingizi. Kabla kikao hakijafunguliwa, pendekeza kwamba mwananchi ataje jina lake na mji wake tu, na kila atakayesimama ahesabiwe peke yake. Likipita, tutapanga foleni hadi nje, na salamu tutaziacha garini pamoja na kofia. Tumekwisha kumfanyisha Elisante mazoezi. Sasa anamaliza kabla ya kengele, na mpiga picha hatajwi.

Lisipopita, Elisante hatasimama. Ametuambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, akikunja kamba ya upinde: "Holloway naipenda. Nyumba yangu naipenda zaidi." Hatukumlaumu. Baada yake wengine nao wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengi kuliko tulivyodhani.

Basi Jumanne unaweza kutukuta tumejaza viti, na maiki iko mbele yetu haina mtu. Mwenyekiti wa bodi atauliza kama kuna mwenye pingamizi, na ukumbi utakuwa kimya. Mheshimiwa, tunakuomba sana, usije ukadhani tumekubali.

Mungu anayeombwa misikitini na makanisani kwetu akupe afya, akulinde njiani, alainishe mioyo ya wenzako mezani, na akurudishe kwako salama, kwenye mlango ambao huogopi kuutaja.

Ni sisi, Chama cha Upinde na Ndoana cha Holloway. Safari hii hatutoi sahihi moja. Tutasimama hapa tulipo, kila mmoja kwa jina lake na mji wake, nawe utuhesabu:

Elisante, wa Springfield.

Kuria, wa Columbia.

Mumbi, wa Arlington.

Wendell, wa ng'ambo ya uzio.

Na wengine watakaosimama baada ya hao. Yupo pia mmoja, yule aliyekaa safu ya pili siku ile, atakayesimama bila kusema kitu. Naye mhesabu.