Risasi za Vivian Zinapita Ubavu

Kadzo alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi ya mchicha, mlangoni pake Kakuyuni, mumewe Chengo alipopokea simu ya mkufunzi wa binti yao kwenye benchi la nje, penye dele la Uweis muuza kahawa. Jioni ilikuwa imelegea, moshi wa kuni ukipanda polepole kama usiojua uendako.

— Mama Vivian, akasema Chengo akikata simu, mtoto amekosa shabaha. Risasi zimetoboa karatasi kwa ubavu, si kwa ncha. Kesho ikiwa hivyo tena, anatolewa timu ya magereza.

Kadzo hakuacha kukuna. Bunduki hiyo hiyo ilimpa Vivian kikombe mwaka jana.

— Ni upepo, akasema Thoya, waliyemwita Injinia tangu alipofungua redio ikamshinda kuifunga. Unaipiga risasi kofi, nayo inageuka kutazama ni nani.

— Risasi imesinzia, akasema Uweis akimimina. Njia ndefu ile, peke yake. Ikalala ubavu.

— Basi huota, akasema Chengo, macho yameenda mbali. Huota ni samaki.

— Ndiyo maana inaogelea, akasema Uweis. Ipewe kahawa.

— Nyinyi, akasema Kadzo, kwani amebadilisha nini?

Uweis akamimina tena.

Pikipiki ikamshusha Vivian.

— Shikamooni.

— Marahaba, akasema Chengo. Mama yako anauliza umebadilisha nini.

— Risasi. Wenzangu wanapiga nzito, hazisukumwi na upepo. Nami nikachukua.

— Kumbe nzito ni mbaya? akauliza Uweis.

— Kwao nzuri. Mtutu una mifereji ndani, imejisokota. Ndiyo huizungusha risasi ikaenda ncha mbele. Nzito ni ndefu, yataka izungushwe kwa kasi zaidi. Mitutu yao imesokotwa kwa karibu, wangu wa zamani umesokotwa kwa mbali. Inayumba kama pia ya watoto iliyochoka kuzunguka.

— Tuusokote zaidi, akasema Injinia.

— Mtutu si ukuti, baba.

— Rudia nyepesi, akasema Kadzo.

— Hizo za wanaojifunza, mama. Watanicheka.

— Wakucheke ukiwa timuni au ukiwa hapa unakuna nazi?

Vivian akatoa simu. Akampigia mkufunzi wake.

— Afande, kesho naomba zile nyepesi. Ndiyo, za wanafunzi.

Akasikiliza, akaitia simu mfukoni.

— Kasema nifike mapema, nizijaribu kwanza.

Kadzo akapakua sima na mchicha. Dele lilikuwa tupu, na hakuna aliyeinuka, akaongeza sahani. Chengo yupo. Vivian yupo. Uweis, na Injinia ambaye hakualikwa.

— Mmetimia. Naweni mikono.