Fundi Makarius na Chanja la Mizabibu

Tarehe 31 Desemba 1957, Makarius Lukasi, fundi seremala mkuu wa shamba letu la mkonge hapa Kilosa, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Aliajiriwa Januari 1929 kama mkata mkonge. Mwaka wa tatu akahamishiwa karakana. Milango ya kambi, vitanda vya zahanati na madawati ya shule ni kazi ya mikono yake. Hapokei ubao bila kuunusa, na hajawahi kueleza ananusa nini.

Kazi iliyochukua kurasa nyingi zaidi katika daftari langu la kila siku ni chanja la kutambazia mizabibu ya Bwana Meneja. La kwanza Makarius alilijenga kwa milingoti ya mkonge, kama alivyoagizwa. Mchwa wakaila, na masika ya 1945 likalala chini. Meneja akamwambia kwamba la pili likianguka, atafute kazi na nyumba pengine. Wakati huo Makarius na mkewe Odilia walikuwa na watoto wanne kambini.

La pili alilihamishia mteremkoni, penye jua na upepo, kando ya uwanja wa kuanikia katani. Alichimbia nguzo za mpingo, akavuta waya usawa wa kifua, kama tunavyovuta za katani.

Asubuhi ya 14 Agosti 1946 meneja alikuwa Mikumi, na angerudi saa saba mchana. Mizabibu ilikuwa imepogolewa, machipukizi madogo kama punje za mahindi. Uwanja ulijaa. Mimi, karani wa uwanja, nikawaambia kina mama wapya kutoka Lumuma waanike kwenye waya za pembeni. Sikwenda kutazama. Saa tano Makarius alikuta katani mbichi imetanda juu ya chanja lote, waya zimebonyea, na nguzo ya mwisho imeanza kulala.

Hakumfokea mtu. Kupunguza uzito upande mmoja tu kungeliangusha lote, kwa hiyo aliwapanga kina mama safu mbili zinazotazamana. Kila fungu la huku litoke pamoja na la kule, liinuliwe bila kuburutwa, machipukizi yasing'oke. Yeye akaegemeza bega kwenye nguzo ile. Mama Generoza, mnyapara wao, akamwambia, "Fundi, usikohoe. Ukikohoa, sote tunarudi Lumuma." Hakuna aliyecheka.

Mafungu mawili yalikuwa bado juu ya waya gari la meneja lilipoingia. Akauliza nani ameagiza jambo hili. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa.

"Kosa langu, Bwana," Makarius alisema, bega likiwa bado kwenye nguzo. "Nililijenga kama waya za katani. Mgeni angejuaje?"

Meneja alikagua shina moja baada ya jingine. Machipukizi machache tu yalikuwa yamevunjika. Mwishowe akasema nguzo iwe wima kabla ya jua kutua. Saa kumi na moja ilikuwa wima. Udongo niliushindilia mimi.

Kwa miaka kumi na moja hajanikumbusha siku ile, hata kwa mzaha. Kama mpaka leo ni karani hapa, ni kwa maneno yake yale, na nimeona wasomaji wayajue kabla hajaondoka.

Fundi Makarius, ahsante. Nenda salama Mvumi na Mama Odilia. Siha isikupungukie, na shamba lenu liwape kila mkipandacho.

Vitalis Tomasi,
Karani wa Uwanja